Mraibu Hatibiwi Gwarideni

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba nyani haoni kundule. Ndugu msomaji, methali hii tumezoea kuitumia kuwacheka wenzetu. Leo nataka tuitumie kuwasaidia. Nawazungumzia wale walionaswa na uraibu wa pombe, bangi, kuber na mihadarati mingineyo, na ambao sasa wanajaribu kujinasua. Maoni yangu ni haya: kuacha kutumia ni mwanzo tu. Kupona hasa kunamtaka mtu aitazame nafsi yake bila kujidanganya, na kazi hiyo haifanyiki mbele ya halaiki ya watu.

Katika shule nyingi humu nchini, mwanafunzi akifumaniwa na vitu hivi hutumwa nyumbani. Akirejea na mzazi wake, husimamishwa gwarideni atoe ushuhuda. Nimesikiliza shuhuda kadhaa za aina hii na, jamani, ni kana kwamba zote zimenakiliwa kutoka daftari moja! Utasikia: nilidanganywa na marafiki, nilipotoshwa, nilivutwa na shetani, lakini sasa nimebadilika. Tunapiga makofi, kengele inalia, tunaingia darasani. Kufikia saa nne, wakati wa chai, mwenzetu ameshapachikwa jina la utani.

Sisi wanachama wa Kiswahili tunavijua vitenzi. Hebu vichunguze hivyo vya ushuhuda: nilidanganywa, nilipotoshwa, nilivutwa. Vyote viko katika kauli ya kutendwa! Marafiki wametenda, shetani ametenda, naye mwenyewe alikuwa gunia tu la kubebwa. Mimi naamini kwamba kupona huanza siku mtu anapohama kutoka "nilivutwa" hadi "nilivuta", kutoka "nilidanganywa" hadi "nilimdanganya mama kuhusu pesa za vitabu". Kisha ajiulize swali lililo gumu zaidi: nilikuwa nakimbia nini? Upweke? Aibu ya kushika mkia darasani? Ugomvi wa nyumbani? Asiyejua alichokuwa akikikimbia, kitamngoja langoni siku ya kufunga shule.

Haya sikuyatunga mimi. Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Ohio, Marekani, walikutana walevi wawili. Mmoja alikuwa Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, na mwingine Robert Smith, daktari wa upasuaji. Wilson alikuwa ameacha pombe miezi michache tu iliyotangulia. Biashara iliyompeleka Akron ilienda mrama, na baa ya hoteli ikaanza kumwita. Badala ya kuingia, alitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, akaelekezwa kwa Smith. Kutokana na mazungumzo yao kilizaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina.

Kitabu chao cha mwaka 1939 kilieleza hatua 12 za kupona. Hatua ya nne ni kuikagua nafsi bila woga. Ya tano ni kuyakiri makosa kwa Mungu, kwa nafsi yako, na kwa mtu mwingine mmoja. Soma tena hapo: mtu mmoja, si watu mia nane waliopanga mistari! Hatua ya 10 inasema ukaguzi huo uendelee, maana nafsi haikaguliwi mara moja ikaisha. Na huyo Mungu wanayemtaja, kila mmoja humwendea jinsi anavyomwelewa yeye. Kwa hiyo wale wanaosema ati mambo ya roho ni ya walokole pekee, wamekosea njia.

Kitabu hicho kinamfananisha mtu huyu na mwenye duka anayehesabu bidhaa zake ili ajue kipi kizima na kipi kimeoza. Wenzetu Waislamu wanalo neno zuri kwa kazi hiyo: muhasaba. Neno hili na neno letu "hesabu" yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika sehemu nzima kuhusu muhasaba katika kitabu chake cha Ihya. Upande wa Wakristo, Ignasi wa Loyola aliwafundisha wafuasi wake katika karne ya 16 kuichunguza dhamiri yao kila siku. Angalia basi: watu wa nyakati na dini mbalimbali wamekubaliana kwamba mtu lazima akae chini, akahesabu. Tena mwenye duka hahesabu vilivyooza peke yake. Huhesabu na vile vizima. Mraibu anayejiona ni takataka tupu hajajijua bado.

Najua nitapingwa. Kuna walimu wetu watakaosema kwamba mficha uchi hazai. Ni kweli, walimu wapendwa. Lakini mama mja mzito humwonyesha mkunga, haendi kujivua sokoni. Wengine watasema ushuhuda wa hadharani huwatia wengine woga wasijaribu. Labda. Lakini gwaride linamfunza mwenye shida kuigiza, na sisi wasikilizaji linatufunza umbeya. Aliyejifunza kuigiza toba akiwa kidato cha pili ataigiza vizuri zaidi atakapofika chuo kikuu.

Nisieleweke vibaya lakini. Sisemi kwamba kujitafakari na sala vinatosha bila hospitali. Uraibu ni ugonjwa. Mlevi wa miaka mingi akiacha pombe ghafla bila daktari anaweza kushikwa na degedege na hata kufa. Kwa wale wa heroini, tangu mwaka 2014 hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilianza kuwapa methadoni, dawa inayotuliza ile arosto yao. Dawa inautuliza mwili ili mtu apate nafasi ya kuihesabu nafsi. Kimoja hakikifukuzi kingine.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuufute ushuhuda wa gwarideni kabisa. Pili, anayerejea achague mtu mmoja anayemwamini, awe mwalimu wa ushauri nasaha, kasisi, imamu au hata mpishi wa shule, na apewe saa yake ya faragha kila juma, tena kwa muhula mzima. Tatu, apewe daftari lisilosahihishwa na yeyote, aandike hesabu zake humo. Nne, na hili ni letu sisi wanafunzi, tuache majina ya utani. We fikiria mtu anajitahidi kumsahau "Moshi", nawe wamwita "Moshi" asubuhi, mchana na jioni! Atakuwa nani mwingine?

Nyani haoni kundule, lakini binadamu amejaliwa uwezo wa kugeuka na kujitazama. Mwenzetu anapogeuka hivyo, anahitaji utulivu na mtu mmoja wa kumshika mkono. Makofi yetu tumwekee siku ya kufuzu.