Asilimia 52? Usishangilie kabla ya kushika kalkuleta

Msimu wa uchaguzi hapa Kenya ukifika, kura ya maoni moja tu inatosha watu kutukanana. Mwaka 2022 Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49, Raila 48.85. Katiba inataka zaidi ya nusu, basi hata pointi moja si mchezo.

Tuseme watu 1,000 wamechaguliwa kwa bahati nasibu, 520 wanamtaka mgombea wako. Ana zaidi ya nusu ya nchi nzima? Kwanza dhani ana nusu kamili. Toa kalkuleta: 0.5 mara 0.5, gawanya kwa 1,000, tafuta kipeuo cha pili. Unapata 0.0158. Sasa 0.52 toa 0.5 ni 0.02. Gawanya kwa 0.0158: unapata kama 1.27. Mpaka unaotumika sana ni 1.645. Hajafika! Wangekuwa 550 ungepata 3.16, hapo sawa.

Haimaanishi anashindwa. Ni kwamba hiyo 52 inaweza kuwa bahati tu ya waliohojiwa. Kwa hiyo mtu akikwambia mtoke barabarani eti mmeibiwa kwa sababu kura ya maoni ilisema 52, mwambie alete ushahidi mwingine. Hiyo pekee haitoshi kumwaga damu ya jirani.

Mnasemaje?