Tai wa Jeshi la Tisa
Katika kitabu The Eagle of the Ninth, alichokitunga Bibi Rosemary Sutcliff mwaka 1954, kijana wa Kirumi aitwaye Marcus, aliyelemaa mguu vitani, avuka Ukuta wa Hadrian kuingia nchi ya adui. Baba yake alipotelea huko pamoja na Jeshi la Tisa. (Vigae vyenye chapa ya jeshi hilo vimeonekana Nijmegen, Uholanzi, huenda halikuangamia kaskazini kamwe.) Marcus ajifanya mganga wa macho, autafute mfano wa tai, nembo ya jeshi lile, ili aiondoe aibu ya baba yake. Mwenzi wake ni Esca, mtumwa aliyempa uhuru kabla ya kuondoka. Naye Esca ni mwana wa watu walioshindwa na Warumi, wala Marcus hana mwingine wa kumtumaini.