Kuzamia ni Rahisi, Kuibuka Kuna Adabu Yake

Likizo ndefu ya shule nchini Uganda huanza mwezi wa Desemba na kuendelea hadi karibu na Februari. Hicho ndicho kipindi ambacho upepo wa kaskazi huvuma katika pwani ya Afrika Mashariki, na maji ya bahari huwa maangavu kuliko wakati wa kusi. Si ajabu basi mwanafunzi mwenye jamaa Mombasa, Malindi au Unguja akaomba ruhusa ya kwenda kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa.

Ombi kama hilo halifai kukataliwa kwa hofu tu, wala kukubaliwa kwa furaha tu. Katika nyumba za askari na polisi jambo hili lina uzito wake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria upande wa Tanzania, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Siku mbili baadaye wazamiaji walimkuta fundi mmoja yu hai ndani ya kivuko hicho, mahali palipokuwa pamebaki hewa. Cheti cha likizo hakimfanyi kijana kuwa mwokoaji wa namna hiyo, lakini elimu ya msingi ni ile ile, nayo ina sheria zisizosamehe.

Mtungi wenyewe si jambo la miujiza. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa kila avutapo pumzi, kwa nguvu inayolingana na uzito wa maji yaliyomzunguka. Watu wengi hudhani kwamba ndani ya mtungi mna oksijeni tupu. Sivyo. Kwa kawaida mna hewa hii hii ya kila siku, iliyoshindiliwa: katika kila sehemu 100, takriban 21 ni oksijeni na 78 ni nitrojeni. Hiyo nitrojeni ndiyo chanzo cha tahadhari nyingi.

Shule za kuzamia zinazofuata kanuni za kimataifa huwa na masharti. Mtoto wa miaka 10 aweza kuanza, lakini hupewa cheti cha vijana na huzamia pamoja na mtu mzima. Cheti kamili hutolewa kuanzia miaka 15. Mwanafunzi hujaza fomu ya afya, na mwenye pumu, kifafa, maradhi ya moyo au ngoma ya sikio iliyotoboka hana budi kumwona daktari kwanza. Hupimwa kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10. Kisha hufuata masomo ya darasani, mazoezi katika bwawa, na mizamio 4 baharini isiyozidi kina cha mita 18. Mwalimu anayeahidi kumpeleka mgeni kilindini bila hatua hizo yafaa aepukwe, hata kama ada yake ni nafuu.

Sheria ya kwanza ni kutozuia pumzi kamwe. Katika kina cha mita 10 mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Hewa iliyojaza mapafu hapo hutanuka mara mbili mzamiaji anapoibuka. Akiwa amefunga pumzi, mapafu yaweza kupasuka. Hatari hii ipo hata katika bwawa lenye kina cha mita chache.

Sheria ya pili ni kupanda polepole. Mtu akiwa chini, nitrojeni huyeyuka na kuingia katika damu na mwili wake. Akipanda taratibu hutoka kwa njia ya pumzi. Akipanda kwa pupa, huchemka kama soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu yake huziba mishipa ya damu na kuumiza viungo na uti wa mgongo. Mwingereza John Scott Haldane aliyachunguza mambo hayo kwa kutumia mbuzi, na mwaka 1908 yeye na wenzake wakachapisha majedwali ya kupanda kwa vituo, kwa manufaa ya wazamiaji wa jeshi la majini la nchi yake. Siku hizi mwanafunzi hufundishwa kupanda kwa mwendo wa mita 9 hivi kwa dakika, na kusimama dakika 3 katika kina cha mita 5.

Sheria ya tatu yawahusu hasa watu wa bara, nayo husahaulika kwa urahisi. Kupanda hakuishi mtu anapofika juu ya maji. Baada ya mizamio ya siku kadhaa, mzamiaji hushauriwa kungoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, kwa kuwa mgandamizo ndani ya ndege ni mdogo. Wengi husikia neno “ndege” wakadhani basi halihusiki. Lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na barabara iendayo Uganda kupitia Nakuru na Eldoret hupanda kupita mita 2,500 huko Timboroa. Kwa mwili wa mzamiaji, safari hiyo ni sawa na ndege.

Na ichukuliwe kwa mfano familia ya sajini wa Kampala. Binti amemaliza mzamio wake wa mwisho Mombasa Jumapili mchana, na baba amekwisha kumkatia tiketi ya basi la jioni ile ile, asije akachelewa nyumbani. Binti akipiga simu kusema, “Shikamoo baba, mwalimu ameniambia nilale hapa hadi kesho jioni,” asidhaniwe kwamba anatafuta siku ya ziada ya kutembea. Tiketi na ibadilishwe. Gharama ya usiku mmoja kwa mjomba ni ndogo kuliko gharama ya kijana aliyepooza miguu.

Aidha, dalili huweza kujitokeza saa nyingi baadaye: maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, udhaifu wa miguu au uchovu usio wa kawaida. Mgonjwa akifikishwa katika zahanati ya bara bila maelezo, huenda akatibiwa malaria. Kwa hiyo jambo la kwanza kumwambia mganga ni kwamba kijana huyu alizamia kwa mtungi, lini, na kwa kina gani. Apewe oksijeni mara moja, na itafutwe hospitali yenye chumba maalumu cha mgandamizo.

Mzazi anayempa mwanawe ruhusa na ampangie pia siku ya kurudi, akihesabu saa kutoka mzamio wa mwisho, wala si kutoka siku ya kufunguliwa shule.