ASILIMIA NI SAWA, MZIGO SI SAWA

Ndugu Wafanya Kazi wa Kalamba,

Wako wabunge ambao kila wakisimama mbele ya watu husema kwamba makato ya SHIF na ya nyumba ni ya haki, kwa kuwa mkubwa na mdogo hukatwa asilimia ile ile. Maneno haya ni matamu, lakini si kweli. Chukueni karatasi zenu za mshahara tuhesabu pamoja, kwa viwango vya mwaka wa 2025.

Mwenzetu apataye Shs. 20,000 kwa mwezi hukatwa SHIF 2.75 kwa mia, yaani Shs. 550, na nyumba 1.5 kwa mia, yaani Shs. 300. Jumla Shs. 850. NSSF hatuitii hapa, maana ile ni akiba yake mwenyewe. Mkubwa apataye Shs. 1,000,000 hukatwa 27,500 na 15,000. Jumla Shs. 42,500. Mpaka hapa wako sawa. Lakini hesabu haijaisha.

Desemba 2024 Bunge lilipitisha sheria kwamba makato haya mawili yaondolewe kwanza katika mshahara, ndipo kodi ya PAYE ihesabiwe. Tuliambiwa ni nafuu ya wafanya kazi, na wengi wetu tulipiga makofi. Nafuu ya nani? Mtu wa Shs. 20,000 halipi PAYE, kwa kuwa kodi hiyo humshika apitaye 24,000. Hana cha kupunguziwa. Hapati hata senti tano. Lakini mkubwa wa milioni, ambaye sehemu ya juu ya mshahara wake hutozwa 35 kwa mia, hupunguziwa Shs. 14,875 kila mwezi.

Basi katika kila shilingi mia, mdogo hutoa Shs. 4/25, na mkubwa Shs. 2/76. Je, hiyo ndiyo asilimia moja kwa wote?

Tazameni upande wa pili. Mzee aliyetimiza miaka 70 amewekewa Shs. 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Nafuu ya mkubwa mmoja ingelipa wazee saba, na chenji ya Shs. 875 ikabaki. Kisha tunaambiwa serikali haina fedha za wazee!

Watasema, "Ninyi hamtaki kulipa." Uongo. Mwaka wa 2016 Kaunti yetu ilianzisha MakueniCare, wakati Profesa Kivutha Kibwana, aliyepata kuwa Mbunge wa Makueni, alipokuwa Gavana. Kila nyumba ilitakiwa kutoa Shs. 500 kwa mwaka, ipate kutibiwa katika hospitali za Kaunti bila kulipa tena. Watu walitoa. Mtu hakatai kuchangia kisima atakachoteka maji. Hukataa kuchimba peke yake huku mwenzake akirudishiwa jembe.

Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliukubali Muswada wa Fedha, 106 wakaukataa. Vijana walikufa barabarani, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Muswada ule tuliuona kwa sababu ulikuja na kelele. Sheria ya Desemba ilikuja na maneno ya nafuu, nasi tukalala.

Tunadai haya:

1. Asiyefikia kiwango cha kulipa PAYE asikatwe fedha za nyumba.
2. Nafuu iwe kiasi kimoja cha shilingi kwa kila mtu, isiwe kubwa kwa mwenye mshahara mkubwa.
3. Fedha zitakazookolewa ziende kwa wazee.

Ndugu, Mheshimiwa atakapokuja, msimwombe mchango wa harambee. Mwonyesheni karatasi ya mshahara, mumwulize swali moja tu: "Katika zile Shs. 14,875, langu ni ngapi?" Asipojibu, mwandike jina lake, mlikumbuke siku ya kura.

Umoja ni nguvu.