Safari ya Familia Isitanguliwe na Deni



Ndugu wasomaji, mavuno ya masika yameanza kuingia ghalani huku kwetu Mvumi, wilayani Kilosa, na pamoja na mahindi na mpunga yameingia maswali ya watoto. Simu za siku hizi zimewaonesha mambo ambayo sisi katika umri wao hatukuyaota: jamaa walioko Dubai na Abu Dhabi hutuma picha za viwanja vya michezo vyenye magari yanayopaa na maporomoko ya maji yaliyotengenezwa kwa mikono ya binadamu. Mtoto akishaona, huuliza, "Baba, sisi tutakwenda lini?" Swali hilo si la kubezwa, wala si la kujibiwa kwa ahadi ya uongo. Juma hili tumeona tulijibu kwa hesabu.

Kwanza tuliondoe dhana kwamba kumfurahisha mke na watoto kwa safari ni jambo la kidunia lisilo na nafasi katika dini. Katika mapokezi ya Mama Aisha, Allah amridhie, tunasoma kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana naye mbio wakiwa safarini. Hakuona haya kucheza na mkewe. Na Qur'ani Tukufu yatuhimiza katika sura zaidi ya moja tutembee ardhini tutazame na kuzingatia. Kilichokemewa ni israfu, na kilichoogopwa ni deni. Mtume wetu alikuwa akijikinga kwa Mola wake kutokana na madeni ndani ya swala zake. Kwa hiyo suala letu si kama twende au tusiende. Suala ni fedha ya safari inatoka wapi, na inakwenda wapi.

Tuanze na safari ya ng'ambo, kwa kuwa ndiyo iliyoteka macho ya vijana. Chukueni familia ya watu sita: baba, mama na watoto wanne. Kila mmoja, hata mtoto mchanga, anahitaji pasipoti yake. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, na kwa watu sita zinakuwa shilingi 900,000. Fedha hizo zimekwisha kabla hatujapanda hata bodaboda ya kwenda stendi. Bado viza, bado tiketi za ndege, bado malazi, bado kiingilio cha kiwanja chenyewe, tena kwa kila kichwa. Na malipo ya huko ni kwa dirhamu, ambayo thamani yake imefungwa na dola ya Marekani. Maana yake ni kwamba shilingi yetu ikishuka mbele ya dola, gharama ya safari inapanda ingawa hakuna aliyepandisha bei.

Kuna pia suala la majira. Shule zetu hufunga Juni na Desemba. Desemba ni wakati wa hali ya hewa nzuri katika nchi za Ghuba, watalii hufurika na bei huwa juu. Juni bei hulegea, lakini joto huweza kuvuka nyuzi 40, na mtoto hawezi kukaa nje mchana. Kwa mwenye uwezo aliyeazimia kwenda, ushauri wetu ni huu: achague kiwanja kimoja tu kwa siku moja, tena cha ndani ya jengo, kama Ferrari World iliyofunguliwa Abu Dhabi mwaka 2010 au Warner Bros. World ya mwaka 2018. Aulize mapema masharti ya umri na kimo, kwani mtoto mdogo huweza kulipiwa kiingilio kisha akazuiwa kupanda nusu ya michezo. Siku nyingine aipeleke familia katika Msikiti wa Sheikh Zayed uliopo mji huohuo, ambao kuingia hakuna malipo na uzuri wake watoto hawatausahau.

Lakini kabla hajakata tiketi, mzazi huyo ana swali moja la kujiuliza faraghani. Mwenye mamilioni ya kuwapeleka watu sita Ghuba kwa ajili ya michezo, je, ameshahiji? Hijja ni wajibu kwa mwenye uwezo, na wanazuoni wengi wameona kwamba uwezo ukipatikana haifai kuichelewesha. Haiyumkiniki mtu adai mbele ya Mola wake kwamba hakuwa na nauli ya Makka, na hali pasipoti yake ina mhuri wa Dubai.

Tugeukie sasa walio wengi, ambao kipato chao hakitoki mwisho wa mwezi bali mwisho wa msimu. Kwa mkulima hatari ya safari huanzia shambani. Kuna mtindo unaojulikana sana vijijini wa kuuza mpunga ukiwa bado haujakomaa, kwa bei ya kutupa, ili kupata fedha ya haraka. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kuuza matunda kabla kukomaa kwake hakujadhihiri, na tunaona kila mwaka hekima ya katazo hilo: mnunuzi akipata hasara huona amedhulumiwa, na akipata faida kubwa mkulima hulia. Sheria imefungua mlango wa biashara ya salam, ambapo bei hulipwa yote papo hapo kwa kipimo, sifa na tarehe inayojulikana, wala haifungwi kwenye shamba fulani. Huo ni mlango tofauti, nao una masharti yake. Na kuna ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Jina latosha kuwa onyo. Anayekopa kwa riba ili watoto wake wacheke siku tatu, huwaachia mwaka mzima wa kumwona mama yao akijificha mdai anapobisha hodi.

Basi hesabu ya mavuno iwe na mpangilio. Gunia la kwanza kuhesabiwa ni haki ya Allah. Mazao ya chakula yakifikia kiwango, zaka yake ni moja ya kumi kwa yaliyooteshwa na mvua, na nusu ya hiyo kwa yaliyomwagiliwa kwa gharama. Kisha madeni. Kisha chakula cha nyumba hadi mavuno mengine. Kisha mbegu. Kisha shule. Kisha akiba ya dharura, ambayo sisi wa Kilosa hatuhitaji kuhubiriwa. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalizoa nyumba na kuharibu reli wilayani mwetu, na Januari 2014 maji yaliikata barabara ya Morogoro na Dodoma pale Dumila. Baada ya yote hayo, kilichobaki ndicho chenye ruhusa ya kusafiri.

Mara nyingi hubaki kidogo, na kidogo hicho kina njia ya kukuzwa. Familia iteue gunia moja, au mawili, na kuliita gunia la safari. Lihifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa ili lisiliwe na dumuzi, kwa kuwa bei ya mahindi kwa kawaida huwa chini wakati wa mavuno na hupanda miezi inayofuata. Mama mwenye genge au mwenye kuku aweke sehemu ndogo ya faida kila juma. Upatu wa akina mama usio na riba, ambapo kila mmoja hupokea kile alichochanga, ni msaada mkubwa, mradi zamu ya kupokea ipangwe karibu na likizo. Anayetaka benki anazo huduma zisizo na riba: Amana Bank ilianza kazi mwaka 2011 kwa misingi ya Kiislamu, na benki nyingine kadhaa zina madirisha ya namna hiyo. Asisahau tu kwamba fedha iliyofikia kiwango cha zaka na kupitiwa na mwaka hutolewa zaka, hata kama imeandikwa jina la safari.

Na safari yenyewe iwe ya wapi? Tuna bahati ambayo wageni huilipia kwa dola. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230 za tembo, twiga, nyati, viboko na simba, na imo mkoani mwetu. Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo sana kuliko cha mgeni, na mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi. Gharama kubwa ni gari, kwa kuwa ndani ya hifadhi hakuna kutembea kwa miguu ovyo. Hapo ndipo ujirani unapofaa: familia nne au tano za msikiti mmoja zikodi gari moja, na gharama ya kila nyumba itashuka. Asiyeweza hata hilo, apande basi la kutoka Mikumi mjini kuelekea Morogoro mchana. Barabara kuu hupita katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na twiga haulizi nani amelipa kiingilio. Njiani kutoka Kilosa kwenda Mikumi mtapita kata ya Ulaya, na watoto watarudi wakijisifu kwamba wamefika Ulaya bila pasipoti.

Wanaotaka mbali zaidi wanayo treni ya mwendokasi. Nauli zilizotangazwa mwaka 2024 kwa daraja la kawaida zilikuwa shilingi 18,000 kutoka Kilosa hadi Dar es Salaam, nusu yake kwa mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili, na bure kwa aliye chini ya hapo. Tuichukue ile familia yetu ya watu sita: wazazi wawili na kijana wa miaka 14 hulipa 54,000, wawili wa miaka 10 na 7 hulipa 18,000, na wa miaka mitatu halipi. Jumla ni 72,000 kwenda, na 144,000 kwenda na kurudi. Kwa akiba ya shilingi 3,000 kila juma, fedha hiyo hutimia katika majuma 48, yaani ndani ya mwaka mmoja. Huko kuna bahari, feri ya Kigamboni, Makumbusho ya Taifa, na kwa wenye ziada, michezo ya maji ya Kunduchi. Na wa karibu kabisa wasidharau Nane Nane ya Morogoro, ambayo huja Agosti wakati mkulima bado ana kitu mkononi.

Yako mambo madogo yanayookoa fedha na kuleta baraka. Chakula cha njiani kipikwe nyumbani. Chapati na samaki wa kukaanga waliofungwa vizuri ni nafuu, na uhalali wake hauna shaka. Fikieni kwa ndugu, nanyi mwende na mchele wenu, ili ugeni usiwe mzigo na udugu uunganike. Swala zifupishwe kwa mujibu wa sheria ya msafiri, wala zisiachwe. Na watoto washirikishwe tangu siku ya kwanza: wakae katika mashauriano, waandike hesabu, watie sarafu zao katika kibubu. Mtoto aliyeona shilingi ya safari ikikusanywa hajifunzi tu jina la mnyama. Anajifunza kungoja, na anajua baba yake akisema "bado" hasemi "sikupendi".

Tunamwomba Allah atujaalie safari za halali, atulinde na madeni, na aturejeshe sote majumbani kwa salama. Tukutane juma lijalo, insha'Allah.

Wabillahi tawfiq.