Kijani ni kizuri, lakini nani analipa?

Siku hizi ukitaka mjadala mkali barazani, si lazima utaje siasa. Taja gesi na makaa, au tuktuk za umeme, kisha usikilize. Maoni hayapungui matatu. Wa kwanza atasema hayo ni mambo ya wazungu, wao ndio waliochafua dunia kwa viwanda vyao, sasa watuachie sisi tupike kwa amani. Wa pili atasema ni mambo ya wenye pesa: mwenye jumba Nyali ataweka sola juu ya paa, je, mpangaji wa chumba kimoja Kisauni ataiweka wapi? Wa tatu atasema shida ni watu wetu hawajaelimishwa, lau wangelijua wasingekata miti wala kutupa taka baharini.

Maoni hayo ya tatu ndiyo yanayopendwa na maafisa na wafadhili. Ndiyo maana semina za uhamasishaji haziishi, na kila mshiriki hurudi nyumbani na fulana na chupa ya maji ya plastiki. Lakini tukitazama yaliyofaulu na yaliyokwama hapa Pwani, twaona jambo jingine. Watu hawakatai kijani kwa ujinga. Wanapiga hesabu, na hesabu yao mara nyingi ni sahihi.

Tuanze jikoni. Mama anayenunua makaa kwa mkebe hahitaji kuambiwa kuwa moshi ni mbaya. Macho na kifua chake vimemwambia zamani. Anajua pia kuwa gesi ni haraka na sufuria haziungui masizi. Lakini mkebe mmoja wa makaa hununuliwa leo kwa pesa za leo. Kujaza mtungi wa kilo 6 kwataka zaidi ya shilingi elfu moja kwa mpigo, na kabla ya hapo lazima uwe na mtungi wenyewe pamoja na sehemu yake ya kupikia. Kwa mtu ambaye mumewe ni mbeba mizigo au mvuvi, anayelipwa kwa siku, tatizo si kama gesi ni nafuu kwa mwezi mzima. Tatizo ni kupata fedha hizo zote siku moja.

Na serikali nayo haikusaidia kwa kubadilika badilika. Julai 2021 gesi ya kupikia ilirudishiwa ushuru wa VAT wa asilimia 16. Mwaka 2022 ukapunguzwa hadi asilimia 8. Julai 2023 ukaondolewa. Mwezi huohuo wa Julai 2023 Rais akatangaza kuondoa marufuku ya kukata miti iliyowekwa Februari 2018. Ukimwambia mama aache makaa kisha umpandishie ushuru wa gesi, usishangae akirudi kwenye seredani yake.

Linganisha na lile jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani, ambalo sasa liko karibu kila nyumba. Lilianza kuenea nchini miaka ya 1980. Latumia makaa machache kuliko jiko la bati tupu kwa sababu udongo huzuia joto lisipotee. Halikuenea kwa sababu ya mabango. Fundi wa jua kali aliweza kulitengeneza kwa mikono yake, likauzwa sokoni kwa bei ya sokoni, na mnunuzi akaona tofauti kwenye mfuko wake wiki hiyohiyo. Likipasuka udongo, watengenezewa mtaani. Hiyo nayo ni teknolojia ya kijani, ingawa hakuna aliyeiita hivyo.

Mifuko ya plastiki ni somo la namna nyingine. Marufuku ilipoanza tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu ya faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4 au kifungo, wengi walisema haitadumu. Lakini ule mfuko mwepesi uliokuwa ukining'inia kwenye kila mti na kuziba kila mtaro umepungua mno. Ilisaidia kwamba sheria ilimgusa mwenye kiwanda, si muuza mchicha peke yake, na kwamba kulikuwa na kitu cha kushika badala yake. Sisi Pwani twajua vikapu vya ukili na pakacha la makuti tangu enzi za mababu. Hata hivyo kazi haijaisha. Mifuko ya magendo bado yapatikana, na chupa za soda na maji, ambazo hazikupigwa marufuku madukani, ndizo zinazojaa fuoni kila maji yakijaa na kupwa. Mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki zilizookotwa, wakalizindua mwaka 2018 na kulisafirisha hadi Zanzibar mwaka 2019. Ni ufundi wa kujivunia. Lakini jahazi haliwezi kubeba mzigo wa kampuni zinazotengeneza chupa hizo na kumwachia mvuvi azitoe wavuni mwake.

Sasa twende Gazi, Kwale, kwa sababu huko ndiko hesabu ilipowekwa sawa. Miaka ya nyuma mikoko ya ghuba ile ilikatwa sana kwa kuni na boriti. Kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa, nyingi yake ikiwa ndani ya matope yenyewe. Ulikuwa mradi wa kwanza wa aina hiyo duniani kwa mikoko, na mwaka 2017 ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Fedha si nyingi za kutisha, lakini zimeingia kwenye maji ya bomba na shule, na wanakijiji wenyewe ndio wanaoamua zitumike wapi. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba walipanda pia mvinje, ili mtu anayehitaji kuni na miti ya kujengea apate pa kukata. Hawakuambiwa tu "usikate". Walionyeshwa pa kukata. Baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata njia hiyohiyo kwenye eneo kubwa zaidi.

Na wale wanaosema mazingira ni mambo ya wazungu, watazame Lamu. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, ulipopangwa kujengwa Kwasasi, ni wenyeji waliosimama: wavuvi, wakulima, wazee wa mji. Waliambiwa wanapinga maendeleo. Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiza kesi za mazingira likafuta leseni ya mradi, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walichotetea ni mazalio ya samaki na hewa ya watoto wao, na hakuna mgeni aliyehitaji kuwafundisha hilo.

Kwa hivyo, tuktuk za umeme, majiko ya umeme na taa za sola zinapoletwa, tusiulize tu kama ni za kijani. Umeme wetu mwingi nchini watokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo, kwa hivyo tuktuk ya umeme ina maana kweli. Maswali ni matatu. Nani analipa gharama ya mwanzo? Ikiharibika, nani wa hapa mtaani ataitengeneza, na betri ikichoka mpya ni bei gani? Na faida yabaki wapi, kwa dereva au kwa kampuni iliyomkopesha? Dereva anayeuliza hayo kabla ya kuuza tuktuk yake ya petroli si mkaidi. Anafanya kazi ambayo mwenye mradi alipaswa kuifanya kabla ya kuja.

Hapa ndipo serikali za kaunti zetu zina nafasi. Kumsaidia mama alipie mtungi kidogo kidogo, au kuwafunza vijana wa vyuo vya ufundi kutengeneza betri na mitambo ya sola, kwafaa kuliko semina kumi za hotelini.

Kwa wakaazi wa vijiji vya ufuoni, kuna jambo la dharura zaidi. Watafutaji wa miradi ya kaboni wanaongezeka. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2023, yataka pawe na makubaliano ya maendeleo na jamii, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia kwa miradi inayotegemea ardhi, na asilimia 25 kwa isiyotegemea ardhi. Wakija kwenu, waulizeni mradi wao wahesabiwa kwenye fungu lipi, na kama gharama zinakatwa kabla ya fungu lenu au baada. Makubaliano yasomwe kwa Kiswahili mbele ya watu wote, wanawake na vijana wakiwemo, kabla ya mzee yeyote kutia sahihi. Nakala ibaki kijijini. Mwekezaji asiyekubali hayo, mwacheni aende na karatasi zake.