Vitambuzi Havikudanganya

Tarehe 17 Machi 2014 watu walifungua shampeni. Wanasayansi wa BICEP2, darubini ya Ncha ya Kusini, walitangaza kwamba wameona alama za mawimbi ya graviti kwenye mwanga mkongwe kuliko wote, ule uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa na miaka 380,000 hivi. Kabla mwaka kuisha, data za satelaiti ya Planck zikaharibu sherehe: ile alama ingeweza kuwa vumbi la galaksi yetu tu. Tangu hapo nikiitaja hii stori lazima msee mmoja acheke: "Kumbe hata hao hubahatisha!"

Zii, buda. Vitambuzi havikubahatisha.

Vilikuwa 512, vya superkondakta, yaani metali ambayo ikipoa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Unaupoza utando wake hadi karibu robo ya digrii juu ya sifuri kabisa, unaushikilia pale ukingoni ukinzani unapoanza kupotea. Kajoto kidogo tu kakiingia, ukinzani unaruka. Lakini kabla ya kuamini kitambuzi cha aina hii unakifungia gizani, unaziba dirisha, kisione anga. Halafu unakisikiliza. Chochote kitakachosema humo ni kelele yake mwenyewe. Unapandisha volteji, unashusha, unaandika mkondo. Kimoja baada ya kingine. Kilichokufa unaandika kimekufa. Hiyo siku hakuna shampeni.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilichangia, sitadanganya, lakini pia nilichoka na maabara ambamo jibu lilikuwa ubaoni kabla hatujaning'iniza pendulamu. Ukipata 9.8, alama zako hizi hapa. Ukipata 8.3, unapika. Nilipika data hadi nikawa mpishi. Hakuna siku niliulizwa kifaa changu husema nini kisipopima kitu.

Kwa hivyo msiniletee kicheko. Vile vitambuzi viliona kitu cha kweli angani. BICEP2 ilipima masafa mamoja tu, gigahezi 150, na kwa masafa mamoja ni vigumu kutenganisha vumbi na mwanga mkongwe. Haraka ilikuwa ya midomo. Mwaka huo huo, Keck Array, jirani yake kule barafuni, ikaanza kutazama kwa gigahezi 95 pia. Hiyo sikuona mtu akiisambaza WhatsApp.